Masomo ya Mtoto Yasikatike Mahabusu



Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anayeshtakiwa akakosa dhamana huweza kupelekwa mahabusu ya watoto; anayetiwa hatiani anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Kote huko, haki yake ya kusoma ipo palepale.

Ugumu humpata zaidi mtoto mwenye mahitaji maalumu. Asiyesikia vizuri huitwa mara mbili. Asipoitika, huonekana mkaidi. Mwenye ulemavu wa akili huweza kujibu "ndiyo" kwa kila swali, hata la kosa asilolitenda. Asomaye kwa nukta nundu hukaa bila kitabu.

Kabla ya mahakama kuamua, afisa ustawi wa jamii huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Hapo ndipo mpango wa elimu uanzie. Mzazi au mlezi amweleze mapema jinsi mtoto anavyojifunza, na ampelekee hati za hospitali, miwani au kifaa cha kusikilizia. Mwalimu aandike darasa alilofikia na msaada aliokuwa akipewa. Siku ya kurudi ikikaribia, shule imwandalie nafasi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini anayemkunja mtoto sharti kwanza amfahamu.