Pumu, Mzio na Saumu: Inhela Mfukoni si Aibu

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya tarawehe, Embu)

  



Niliombwa nizungumze juu ya afya katika mwezi huu mtukufu. Kisukari na presha huzungumzwa kila mwaka, kwa hiyo leo nimeona nishike jambo ambalo tunalisikia kila tukisimama safu: kikohozi. Ni nani hapa hajaswali tarawehe kando ya mtu ambaye kifua chake kinapiga filimbi? Mimi si daktari wala si mufti, ni mwanafunzi wa chuo kikuu tu. Lakini pumu nimeishi nayo tangu nikiwa mdogo madrasa, na kuna mambo ambayo naona tunayaficha sana sisi vijana.

Miaka hii Ramadhan inatuangukia Februari na Machi. Mnajua hali ya huku wakati huo. Kiangazi kimekaza, gari likipita barabara ya vumbi kuelekea Siakago au Kiritiri huoni mbele, na majumbani watu wanapura maharagwe. Halafu mvua ya masika inaanza, nyasi zinachipua na kuchanua, kuta zinaingia ukungu. Waliokuwa wakubwa mwaka 2014 watakumbuka tulifunga Julai, mwezi wa baridi na manyunyu, mablanketi ya zamani yakitolewa sandukuni na vumbi lake. Huko nako vifua vilibana. Kwa hiyo mtu asiseme ni Ramadhan inayomletea pumu. Ni hewa anayovuta, na Ramadhan huzunguka katika majira yote.

Ugonjwa huu wa majira si wa jana. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita tabibu wetu mkubwa, Abu Bakr al-Razi, aliandika risala nzima kueleza kwa nini mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi alikuwa akishikwa na mafua kila majira ya maua, akinusa mawaridi. Hiyo ndiyo mzio, au aleji kama tunavyosema. Mwili unakiona kitu kisicho na madhara, kama unga wa maua au vumbi, unakipiga vita kama adui. Vita vikiwa puani ni chafya, kamasi na macho kuwasha. Vikishuka kifuani ni pumu.

Wengi wa wenye pumu wana mzio wa pua pia, na mwenye chafya za kila msimu asijione yuko salama. Tarehe 21 Novemba 2016 mjini Melbourne, Australia, dhoruba ya radi ilipiga wakati nyasi zimechanua. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakishindwa kupumua, na watu 10 wakafariki. Wengi wa walioathirika walikuwa watu wa chafya na kamasi ambao hawakuwahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu.

Sasa tuje kwenye inhela. Hapa ndipo pana shida kubwa.

Katika pumu njia ndogo za hewa zinavimba kwa ndani, zinatoa makamasi, na misuli inayozizunguka inabana. Inhela ambayo wengi tunaijua ni ile ya buluu, yenye salbutamol. Inalegeza misuli kwa muda wa saa nne hivi, na mtu anapata nafuu upesi. Lakini uvimbe unabaki pale pale. Inayoondoa uvimbe ni nyingine, aghalabu ya kahawia, yenye dawa kama beclometasone. (Rangi hubadilika kwa kampuni, kwa hiyo soma jina la dawa.) Hii haikupi nafuu papo hapo, ndiyo maana watu wanaitupa. Wanasema, “Nimevuta siku mbili sijaona kitu.” Huwezi kuona kwa siku mbili. Inataka kila siku, na nguvu yake kamili huja baada ya wiki kadhaa. Aliye na pumu anayejitayarisha kwa Ramadhan angeanza Shaaban au hata Rajab, kama anavyojitayarisha kwa saumu za sunna.

Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, unaoitwa GINA, ulibadilika. Ulisema mtu mzima na kijana asitibiwe tena kwa salbutamol peke yake, lazima apate na dawa ya kuondoa uvimbe. Kopo moja la buluu huwa na mipulizo 200. Ukijiona unamaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka, usijisifu kwamba unaijua dawa yako. Hiyo ni dalili kwamba uko karibu na shambulio kubwa, nenda kwa daktari.

Na tazameni rehma ya Mwenyezi Mungu hapa. Dawa ya kahawia kwa kawaida huvutwa mara mbili kwa siku. Mara mbili! Moja wakati wa daku, moja baada ya futari. Yaani dawa inayomlinda mwenye pumu mchana wote haigusi saumu yake hata kidogo. Vuta kabla ya kupiga mswaki wa daku, kisha usukutue vizuri na uteme, kwa sababu ikibaki mdomoni huleta utando mweupe. Kijana anayeshika ratiba hii mwezi mzima, mara nyingi ile ya buluu haitamhitaji sana mchana. Ninasema mara nyingi, sisemi kila mara.

Itakapomhitaji, je? Hapa nitasema nililosoma, na maustadh watanisahihisha. Wanavyuoni wametofautiana. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wengi wanasema kitu chenye umbo kikiingia ndani kupitia tundu lililo wazi kinafunguza, na dawa ya inhela ina chembechembe. Sheikh Ibn Baz na Sheikh Ibn Uthaymin, Allah awarehemu, walifutu kwamba haifunguzi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokaa mwaka 1997 lilitoa uamuzi juu ya mambo mengi ya tiba na saumu, lakini hili la inhela likaliahirisha. Kwa hiyo mfuate sheikh unayemwamini.

Lakini angalieni: hakuna hata mmoja katika hawa aliyesema ubaki unakabwa. Anayesema inafunguza anakwambia vuta, kisha ulipe siku moja baadaye. Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa waziwazi. Na yule ambaye ugonjwa wake hauna matumaini ya kupona na hawezi kufunga kabisa, ana mlango wa fidia. Mimi nimewaona vijana wanaokaa nyuma ya msikiti wameinama, mikono magotini, wanasubiri adhana ya magharibi huku inhela iko mfukoni. Wanaona aibu wenzao wasije wakasema fulani amekula mchana. Na msichana ndiyo zaidi, maana husemwa ataolewa na nani na hiyo pampu yake. Ndugu zangu, pumu inaua. Inaua vijana, na inaua hata yule ambaye jana alicheza mpira.

Kuna wanaosema inhela ni uraibu, au ni dawa ya mtu aliyekwisha. Si kweli. Dawa inaenda moja kwa moja mapafuni kwa kiasi kidogo sana, kuliko vidonge vya salbutamol vinavyokutetemesha mikono, au zile sindano na vidonge vikali vya steroidi watu wanavyojinunulia kemisti bila kupimwa. Habbat sauda tule, asali tunywe, ni katika tiba zetu. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha tujitibu, na kifua kilichobana usiku wa manane hakingoji asali.

Mzio wa pua nao una dawa zake. Kidonge cha cetirizine kwa wengi hunywewa kimoja kwa siku, kwa hiyo kinywe usiku baada ya futari. Piriton inasaidia lakini inaleta usingizi, na ndugu yetu wa bodaboda asiinywe kisha akapanda pikipiki. Kuosha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia pia, yawe maji yaliyochemshwa yakapoa, na ufanye usiku. Mchana katika udhu tumefundishwa tusipandishe maji puani kwa nguvu tukiwa tumefunga.

Turudi nyumbani. Mama zetu, jioni ya Ramadhan jikoni ndiko kuna moshi kuliko mwezi mwingine wowote. Kuni za chai, makaa ya viazi, mafuta yanayokaangwa bajia na kaimati, na mtoto mwenye pumu ameketi hapo hapo anangojea aonje. Mtoeni huyo mtoto nje. Fungueni dirisha, na kama jiko linabebeka likae barazani. Kuni zikauke vizuri, mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Makaa yasilazwe chumbani usiku hata kama kuna baridi, hilo ni hatari kwa kila mtu.

Na udi. Najua nitaguswa hapa! Sisemi udi na ubani ni vibaya, harufu nzuri ni sunna. Lakini moshi ni moshi, kifua hakijui huu ni wa udi na ule ni wa matairi. Mtume (S.A.W.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asije msikitini, asiwaudhi jirani zake kwa harufu. Sasa chumba kimefungwa, chetezo katikati, na kuna mtu anakohoa pembeni, tunasemaje? Fukizeni nguo nje, zipigwe na upepo, kisha mzivae.

Matandiko yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto na yaanikwe juani. Mablanketi yanayokaa sandukuni yaanikwe kabla ya baridi ya Juni, si siku baridi imeingia. Ukifagia, nyunyiza maji kidogo kwanza. Kuku na paka walale nje. Na sisi wa kamati ya usafi wa msikiti, tuache kukung’uta mazulia nusu saa kabla ya isha. Tufanye baada ya alfajiri, madirisha wazi, vumbi lipate siku nzima kutulia.

Mwisho ni siku ya shambulio. Mkalishe mgonjwa wima, usimlaze, na watu wasimzonge. Mpe ile ya buluu, mipulizo minne, mmoja mmoja, na kila mmoja avute pumzi nne au zaidi kabla ya mwingine. Ngoja dakika chache, rudia. Kama hapati nafuu, au hawezi kumaliza sentensi, au midomo imegeuka rangi, au mbavu za mtoto zinaingia ndani akivuta pumzi, tafuteni gari sasa hivi mkimbie hospitali, na njiani mwendelee kumpa. Na filimbi ya kifuani ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, usiseme alhamdulillah amepoa. Hewa haipiti tena.

Dawa ikipitia kwenye chupa hufika mapafuni vizuri zaidi, hasa kwa mtoto. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ilifanya kazi kwa watoto wenye shambulio sawa na chombo cha dukani. Tundu liwe kipimo cha mdomo wa inhela, pembeni pazibwe kwa tepu, na mgonjwa avute kwa mdomo wa chupa. Ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa.

Kesho baada ya tarawehe tutakaa hapa kwenye veranda ya madrasa tutengeneze hizo chupa. Kila mtu aje na yake ya nusu lita, tupu na safi, na mwenye inhela aje nayo tuone anavyoivuta. Kina dada watakuwa na meza yao ndani.