Pampu ya Dizeli Haifi kwa Uzee

Msikilizaji, trekta la zamani, tuseme Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, likianza kuwaka kwa shida, lawama huiangukia pampu ya dizeli: imezeeka, ifunguliwe. Lakini pampu hiyo huuawa zaidi na mafuta machafu kuliko umri. Pampu ya CAV aina ya DPA, iliyofungwa kwenye mengi ya matrekta hayo, haina oili yake. Hulainishwa na dizeli ileile inayosukumwa nayo. Vyuma vyake vya ndani vimebanana kiasi kwamba nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele. Maji huvitia kutu, vumbi huvikwangua, na mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli huvinyima ulainisho.

Wapo watakaosema filta ya kuzuia uchafu huo ni ghali. Kweli, ila kukarabati pampu ni ghali zaidi, na kazi hiyo inataka fundi mwenye mashine ya kupimia. Kuifungulia chini ya mwembe ni kuikaribishia mchanga. Wengine watasema kijijini hufika dizeli ya madumu tu. Basi iache itulie usiku kucha, uichuje, na iliyo chini usiimimine. Jaza tangi jioni, unyevu wa hewa usipate nafasi ya kugeuka maji. Ukibadilisha filta, toa hewa kwenye mabomba kabla ya kuwasha: hewa hiyo, au bomba linalovuja, ndiyo mara nyingi humfanya mtu aitangaze pampu nzima kuwa imekufa.