Dubu wa Nandi na Hatari za Kweli za Msituni

Mazungumzo kwa wakaaji wa Kaplong na nchi ya chai

Tangu zamani wazee wa Kikipsigis, kama ndugu zao Wanandi, wamewaonya watoto wasitembee usiku, wasije wakakutana na Chemosit. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliambiwa kwamba Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja, hutembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki, na kinywa chake chekundu hung'aa gizani mithili ya taa.

Wazungu waliokuja nchini waliyachanganya masimulizi hayo na habari za mnyama mwingine, wakamwita Dubu wa Nandi. Mwaka 1912 Geoffrey Williams aliandika kwamba, alipokuwa safarini Uasin Gishu miaka ya nyuma, aliona mnyama mkubwa ameketi kama aketivyo dubu. Baadaye kidogo, reli ya Magadi ilipokuwa ikijengwa, watu wa kazi nao walisema wamemwona mnyama wa namna hiyo.

Je, yuko dubu katika nchi hii? La, hayuko. Dubu wa mwisho wa mwituni katika Afrika waliishi mbali sana, katika milima ya Atlas huko Moroko na Algeria, nao walitoweka katika miaka ya 1800. Ngozi au mfupa wa Dubu wa Nandi haukupatikana kamwe, ijapokuwa watu wengi walimtafuta.

Basi waliona nini? Wataalamu wengi hudhani kwamba baadhi yao walimwona fisi madoa. Mnyama huyu ana mabega yaliyoinuka na mgongo ulioteremka nyuma, kwa kuwa miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Akionekana alfajiri katika ukungu, ni rahisi mtu kumdhania dubu. Tena si mnyama wa kudharauliwa. Uzito wake waweza kupita kilo 60, na taya zake huvunja mifupa ya ng'ombe.

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mwenye kumwogopa mnyama asiyekuwapo huweza kusahau kujihadhari na yule aliyepo. Uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, lakini mchungaji, mrina asali na mwanamke atafutaye kuni bado huingia msituni. Katika Mau na misitu mingine ya Kenya wamo chui na nyati, na fisi hutoka usiku kutafuta mifugo.

Namna ya kujikinga

Kwanza, mtu asiende peke yake, wala asitembee kabla ya mapambazuko bila kurunzi na fimbo imara. Waendao wawili watatu na wazungumze kwa sauti. Wanyama wengi wakimsikia binadamu hujitenga. Hatari huwa kubwa pale mnyama anaposhtushwa kwa ghafula, au anapokuwa na watoto wake, au anapokuwa juu ya mzoga.

Pili, mtu akikutana na fisi au chui, asikimbie. Fisi aweza kwenda kasi ya kilomita 60 kwa saa, na mwenye kukimbia humfanya mnyama amwone kuwa windo. Na asimame wima, amwelekee, ainue shuka au koti ili aonekane mkubwa, apige kelele, kisha arudi nyuma polepole. Mtoto mdogo na ainuliwe begani. Mnyama akirukia, mtu akinge shingo yake na kupigana kwa fimbo, jiwe au lolote lililo mkononi. Huko Marekani na Kanada, ambako dubu wako kweli, wawindaji nao hufundishwa wasikimbie, na wengi huchukua kopo la pilipili ya kupuliza.

Nyati ni mambo mengine. Hatari zaidi ni dume mzee aliyejitenga na kundi, na aliyejeruhiwa ni hatari kupita wote, kwani huweza kujificha kichakani akimngoja anayefuata nyayo zake. Kelele hazimzuii aliyekwisha kuja mbio. Yampasa mtu apande mti upesi. Pasipo mti, alale kifudifudi katika shimo au bonde dogo, kwa maana ni vigumu kwa pembe za nyati kumwinua aliyelala chini kabisa.

Tatu, chui au nyati aliyejeruhiwa asifuatwe kichakani hata kidogo. Ushujaa wa namna hiyo umewaacha wajane wengi.

Baada ya shambulio

Jeraha la meno, hata likiwa dogo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe udongo wala tumbaku. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kupata sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, maana dalili za ugonjwa huo zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Habari ipelekwe pia kwa chifu na kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Lakini dai lisilo na taarifa wala cheti cha daktari ni vigumu kuthibitishwa.

Masimulizi ya Chemosit na yaendelee kusimuliwa karibu na moto, kwani yana mafunzo yake. Waliosema mtoto asitembee peke yake usiku walisema kweli. Kilichobaki ni kumfahamu vema yule mnyama wa kuogopwa. Tahadhari kabla ya hatari.