Hukumu ya Julai

Kila Julai, ligi ya kiangazi ya mpira wa kikapu ifunguliwapo Las Vegas, wajuzi huharakia kuwahukumu chipukizi kwa michezo miwili mitatu, ilhali mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, ambaye hakusoma elimu yao, hanyanyui sauti hata mwamba wake usagwe karashani na kuoshwa mwaloni. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa 2 katika uteuzi wa chipukizi wa NBA mwaka 2009, Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota, akangoja hadi nafasi ya 7; hayo ndiyo makadirio ya mabingwa. Nasi je, katika soka? Geita Gold, timu ya mkoa wa mchimbaji yule, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021, ilimaliza ya 4 msimu wa kwanza, George Mpole akifunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, tukashangilia, tena kwa haki. Mwaka 2024 ikashuka daraja.