Neno Letu Juu ya Teatre ya Lubumbashi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi)



Sisi tunaosema mbele yenu ni makarani wa mine. Kazi yetu ni buku na hesabu, si kuchora plani za nyumba. Lakini tumeona heri kusema leo juu ya nyumba moja ambayo kila mtu wa mji huu anaijua: teatre ya zamani, ile inayoitwa Bâtiment du 30 Juin, ambamo Bunge la jimbo la Haut-Katanga linafanya mikutano yake.

Ilijengwa katika miaka ya 1950, mji ulipokuwa ungali unaitwa Élisabethville. Plani ilichorwa na Claude Strebelle, Mbelgiji, pamoja na wenziwe wa atelier ya Yenga. Ilijengwa kwa ajili ya mji wa Wazungu. Wazee wetu walikaa ng'ambo ya uwanja mtupu ulioachwa makusudi katikati, upande wa Komini Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Hatulifichi neno hilo.

Kwa hiyo wako wandugu wanaosema: hiyo ni nyumba ya wakoloni, ibomolewe, tujengewe ukumbi mpya wa vioo. Tunawauliza: ni nani aliyebeba mchanga? Ni nani aliyechanganya betoni juani? Jina la siku ya uhuru wetu, tarehe 30 Juni 1960, tumeliandika juu yake. Mtu haandiki jina la mtoto wake juu ya mali ya mwingine.

Nyumba hiyo sasa inakaribia miaka 70, na nyumba ya betoni huzeeka kama mtu. Maji ya mvua huingia katika ufa mdogo, chuma cha ndani hushika kutu, kutu huvimba, na betoni hupasuka. Kupaka rangi juu ya ufa huo ni kumvika mgonjwa koti. Kwanza uzibwe mlango wa maji, yaani paa na mifereji, kiisha nyaya za umeme, kiisha milango ya kukimbilia wakati wa moto. Rangi ni ya mwisho. Lakini sisi sote tunajua ni kazi gani huanza wageni wakubwa wanapotangazwa!

Tena kuna jambo la hewa. Wachoraji wa miaka ile waliojenga katika nchi za joto walitafuta kivuli na matundu ya kupitisha upepo, maana mashine za kupoza hewa zilikuwa chache. Ukiziba matundu hayo na kutia vioo na mashine, siku umeme ukikatika (nanyi mnajua unakatika mara ngapi) wajumbe watatoka nje na karatasi zao mikononi.

Tazameni Nairobi. Jumba la mikutano la Kenyatta lilianzwa kuwa makao ya chama cha KANU, likapanuliwa juu ya mkutano wa Benki ya Dunia wa mwaka 1973. Walilichora Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Miaka 50 baadaye, mwaka 2023, wakubwa wa Afrika walikutana humo kusema juu ya tabia ya nchi, na umbo lake ni lile lile. Uzee haukulizuia kufanya kazi.

Kinachotutia hofu ni kingine. Ukumbi mmoja tunaoujua, ambao hatutautaja, ulifungwa ili utengenezwe. Ulipofunguliwa, viti vya mbao ngumu havikuwako, vitasa vya shaba havikuwako, na sakafu nzuri ilikuwa imefunikwa vigae vya bei rahisi. Tuliuliza. Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema ni vitu gani vilikuwamo. Katika mine, mashine haifunguliwi kabla karani hajaandika kila kipande chake. Mbona nyumba ya watu wote ifunguliwe bila buku?

Basi tunaomba kwamba, kabla ya nyundo ya kwanza, vitu vyote vya nyumba hiyo viandikwe na kupigwa picha, na nakala ya buku hilo iwekwe mahali mwananchi anaweza kuisoma. Plani za zamani zitafutwe. Mafundi wetu wa mbao na wa betoni waitwe, wazee wafundishe vijana. Na jukwaa lisivunjwe kwa kuongeza biro, maana watoto wetu wanaocheza michezo na muziki nao wana haki humo.

Barua tumekwisha kuiandika. Iko mezani hapa, pamoja na kalamu. Aliye na picha ya zamani ya nyumba hiyo, atuletee Jumamosi. Tutaipiga nakala na kumrudishia yake.