Gari la Kliniki ya Mkoba na Fidia Tuliyoidai

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya waratibu, wahasibu na madereva wa miradi)

Waratibu wenzetu wa majimbo, wahasibu, wachungaji mlioungana nasi, na hasa ninyi madereva ambao kwa kawaida hukaa nje kivulini mkisubiri semina iishe, na leo tumewaomba mketi humu ndani:

Tumepewa nusu saa tuzungumze juu ya utunzaji wa mali za miradi. Tungeweza kuwasomea mwongozo wa matumizi ya magari, lakini huo mnao makabatini. Tumeona ni afadhali tusimulie habari ya gari moja. Wengi mmeisikia nusu, na nusu mliyoisikia ndiyo inayotuonyesha sisi wa ofisi kuu kuwa watu wema.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya kliniki ya mkoba, ile ndefu yenye injini ya dizeli ya silinda sita. Mwezi Aprili 2023 tulilipeleka gereji moja mjini kwa huduma ya kawaida: kumwaga oili, kubadili filta, kupaka grisi. Jina la gereji hatutalitaja. Tulilipa shilingi 280,000. Dereva alipewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, "Service 280,000", bila tarehe, bila muhuri na bila risiti ya EFD. Mhasibu wetu alikipokea kipande hicho na kukiambatanisha kwenye hati ya malipo. Hatukuuliza neno.

Siku ya pili yake gari likaondoka alfajiri kutoka Njombe kwenda Makete, likiwa na wauguzi wawili, mizani ya watoto na masanduku ya chanjo. Kwenye mpando mmoja dereva aliona mshale wa presha ya oili unaanguka. Akasimama. Lakini mlio ulikwisha kuanza chini ya injini, ule mlio ambao dereva yeyote aliyemo humu akiusikia moyo wake unakufa. Alipofungua boneti alikuta oili imetapakaa upande mzima wa injini na imechora mstari mweusi barabarani nyuma yao. Kijiti cha kupimia kilitoka kikavu. Kule mbele akina mama walikuwa wamekaa na watoto mgongoni tangu saa mbili. Walikaa mpaka saa tisa, wakaondoka. Chanjo ziliokolewa kwa pikipiki, kwa hisani ya zahanati ya jirani.

Sasa sikilizeni tulivyofanya. Gari lilivutwa hadi mjini kwa shilingi 400,000. Fundi wa kwanza akasema krenki imekatika metali, injini inahitaji kufunguliwa yote. Kamati ya miradi ikakutana, na swali la kwanza halikuwa "nani aliligusa gari hili jana?" Swali la kwanza lilikuwa "dereva alikuwa anatazama nini?" Ndani ya dakika ishirini tulikuwa tumekwisha kuamua. Barua ya onyo ikaandikwa, na mshahara wake ukaanza kukatwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Yeye alisema jambo moja tu, kwamba filta ile haikufungwa sawasawa. Tulimjibu kwamba kila dereva anayeua injini husema hivyo.

Tunasema haya hadharani kwa ruhusa yake. Na tunasema kwa sababu tulivunja sheria ya nchi huku tukiwa na Biblia mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara hivi hivi. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mengi ya hayo hatukuyafanya. Tulikuja kusikia baadaye kwamba miezi ile alikuwa anakopa VICOBA kununua unga.

Kilichotuokoa ni ukaidi wake. Siku injini ilipofunguliwa, fundi alitaka kuitupa ile filta pamoja na takataka nyingine. Dereva akaiomba, akaifunga kwenye gazeti, akaiweka stoo kwenye rafu ya matairi. Ikakaa pale karibu miezi miwili. Mwezi Juni mwalimu mmoja wa ufundi wa magari kutoka VETA alikuja ofisini kwetu kwa shughuli nyingine kabisa, na dereva akamwonyesha. Mwalimu aliigeuza mara moja tu, akatuita wote.

Filta ya oili ina raba moja ya kuzuia oili isivuje. Ile ilikuwa na raba mbili. Fundi wa gereji alipofungua filta ya zamani, raba yake ilibaki imegandia kwenye injini. Hakupitisha hata kidole kuangalia, akafunga filta mpya juu yake. Mwalimu alitueleza kwamba kosa la namna hiyo halionekani gari likiwa limesimama linanguruma polepole. Linaweza kutoka gereji safi kabisa. Presha ikipanda kwenye kazi nzito, kwa mfano kwenye mpando na mzigo, raba inasukumwa pembeni na oili yote inamwagika kwa muda mfupi sana. Tukakumbuka pia kile kikadi ambacho gereji hukifunga karibu na usukani kukumbusha huduma ijayo. Kilikuwa bado kinaning'inia: jina la gereji, tarehe, kilometa 214,380. Gari lilikufa kilometa zikisoma 214,562. Yaani kilometa 182 tu.

Hapo ndipo tulipomwendea mwanasheria, na hapo ndipo tulipoanza kujifunza.

Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba mkataba tunao, hata kama hatukuandikiana. Tulipeleka gari, wakalipokea, tukakubaliana kazi na bei, tukalipa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa kawaida ya mambo, au hasara ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba inaweza kutokea. Muda wa kufungua madai ya mkataba ni miaka sita, lakini tusijifariji na miaka, maana ushahidi wa gereji hauishi hata miezi sita. Mafundi huhama.

Tukamletea orodha yetu. Matengenezo ya injini 6,400,000. Kuvuta gari 400,000. Kukodi gari lingine siku 26 kwa 150,000 kwa siku, jumla 3,900,000. Tukaongeza na "usumbufu kwa walengwa", ambao hatukujua tuupigie hesabu gani, tukaandika milioni mbili. Mwanasheria alifuta huo usumbufu kwa mstari mmoja. Kisha akatuuliza, siku 26 za nini? Tukasema, ndizo siku gari lilizokaa bila kutengenezwa. Akauliza tena, fundi alihitaji siku ngapi? Kumi na mbili. Na zile kumi na nne? Ndugu, zile kumi na nne tulikuwa tunasubiri akidi ya kamati ya manunuzi itimie. Akatueleza kwamba kifungu hicho hicho kinaangalia pia njia alizokuwa nazo mdai za kupunguza hasara yake. Hakuna mwenye gereji atakayelipia uvivu wa kamati yetu. Basi madai yakawa siku 12, yaani 1,800,000, na jumla ikashuka hadi 8,600,000.

Hapa kukatokea mabishano ofisini. Mwenye gereji ni Mkristo, tena ni mzee wa usharika. Baadhi yetu walisema Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini, basi tusamehe, mambo yaishe. Tuliliheshimu neno hilo. Lakini tulijiuliza, tunasamehe fedha za nani? Gari ni la walengwa, na sadaka iliyolinunua si ya kwetu. Isitoshe, kusamehe kwetu kungekuwa kumwacha dereva na barua yake ya onyo. Torati yenyewe katika Kutoka 21 na 22 inashughulika na mashimo yasiyofunikwa na wanyama walioazimwa, na inamtaka mzembe alipe. Zakayo naye alipotubu alitaja kiwango. Mchungaji mmoja ndiye aliyetutoa kwenye mkwamo kwa kutukumbusha Mathayo 18: mwendee kwanza wewe peke yako; asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Mwanasheria alicheka akasema ndiyo taratibu hiyo hiyo anayoifuata yeye, ila yeye huongeza nakala.

Tulikwenda kwanza wenyewe, bila barua. Mwenye gereji alitupokea vizuri, akaagiza soda, kisha akatuonyesha kibao kilichopigiliwa ukutani: "Magari huegeshwa kwa hasara ya mwenyewe." Akasema pia kwamba dereva wetu aliendesha bila oili. Tukarudi mikono mitupu, soda tumekunywa. Mwanasheria alipokisikia kibao kile alisema kinazungumzia kuegesha, hakizungumzii kazi ya mikono ya fundi aliyelipwa. Tusikiogope, na ninyi msikiogope.

Mara ya pili tulikwenda na mchungaji na yule mwalimu wa ufundi, tukiwa na barua ya madai inayotaja siku, kilometa, kosa, kiasi, na siku 14 za kujibu kabla hatujakwenda mahakamani. Tuliambatanisha ripoti ya mwalimu, picha za filta na kikadi. Filta yenyewe tuliionyesha, hatukuiacha. Mzee yule aliishika kwa muda mrefu. Akamwita fundi wake mmoja kijana, akamwonyesha zile raba mbili, na kijana akatazama chini. Nadhani hapo ndipo kesi ilipokwisha, ingawa majadiliano yaliendelea wiki tano zaidi.

Hatukupata 8,600,000. Tulikubaliana 6,000,000 kwa awamu nne za 1,500,000, kwa maandishi, mbele ya mwanasheria, mwezi Agosti 2023. Wako wenzetu walionung'unika kwamba tumelegea. Sisi tunaona ilikuwa haki ya kutosha. Injini ilikuwa imetembea kilometa zaidi ya laki mbili, na baada ya matengenezo ikawa na vipuri vipya. Fidia inakusudiwa kukurudisha ulipokuwa, si kukununulia kilicho bora kuliko ulichokuwa nacho. Na mwalimu wa ufundi, kwa uaminifu wake, aliandika kwamba hawezi kuapa dereva alisimama sekunde ile ile mshale ulipoanguka. Mahakamani sentensi hiyo moja ingetugharimu. Awamu tatu zililipwa kwa wakati. Ya nne ilichelewa hadi Februari 2024, ikaja kwa mafungu, na tukampa risiti kwa kila fungu, maana tungekuwa na uso gani kumdai risiti mwenzetu halafu sisi tusitoe?

Dereva alirudishiwa shilingi 240,000 zake zote pamoja na mshahara wa mwezi Julai. Kumrudishia fedha ilikuwa rahisi. Barua ya onyo ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu kuifuta kulihitaji kamati ile ile iandike kwamba ilikosea, na muhtasari wa kikao hicho uliandikwa mara tatu kabla haujakubali neno "tulikosea". Mwenyekiti alipendekeza "ilionekana". Dereva aliomba asomewe kabla ya kusainiwa. Aliposikia "ilionekana" alisema atasubiri. Akasubiri wiki mbili nyingine.

Mtatuuliza kama bado tunakwenda kwenye gereji ile. Tunakwenda. Yule kijana bado yuko pale, na dereva wetu anasema sasa hivi ndiye fundi anayefuta kitako cha filta kuliko wote mjini. Hata hivyo dereva haachi gari na kuondoka. Huketi kwenye stuli karibu yake mpaka filta ya zamani itoke na raba yake, na zote mbili hurudi nazo ofisini.

Fomu ya kukabidhi gari gereji imewekwa pale mlangoni. Ina nafasi ya kilometa, kazi iliyoagizwa, jina la fundi, sahihi ya pande mbili na namba ya risiti. Wahasibu, kuanzia robo hii, hati ya malipo ya gereji isiyo na fomu hii msiipitishe, hata ikiletwa na sisi. Madereva, kila mmoja achukue kitabu kimoja. Vipo arobaini, na yule mwenzenu aliyeketi kiti cha nyuma karibu na dirisha ndiye atakayewaeleza namna ya kuijaza. Tumemwomba, naye amekubali.