Gari la Chama na Vipuri Visivyofikika

Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama, Feri, Dar es Salaam



Nimeombwa niseme machache juu ya ununuzi wa magari. Chama kinachosafirisha samaki au mboga hakiwezi kulikwepa jambo hili, na fedha zinazotumika ni za wanachama.

Katika kukagua vocha, mara nyingi nakuta kipuri kimenunuliwa Gerezani kwa bei nafuu, lakini ujira wa fundi umeizidi bei hiyo mara kadhaa. Msimshuku fundi kabla ya kufungua boneti. Yako magari ambayo kipuri kidogo kimewekwa mahali ambapo mkono haufiki.

Chukueni Toyota Harrier yenye injini ya lita 3 na silinda 6. Plagi 3 za mbele hutoka upesi. Plagi 3 za nyuma zimeelekea upande wa dereva, chini ya bomba la kuingizia hewa, na kwa kawaida fundi hulifungua bomba hilo kwanza. Land Cruiser 100 ya petroli, yenye silinda 8, stata yake imezama katikati ya safu mbili za silinda, chini ya bomba kama hilo. Hiace nyingi nazo injini zake zimo chini ya viti vya mbele.

Mtengenezaji hakufanya hivyo kwa uadui. Alitaka boneti fupi na nafasi kubwa ya abiria na mizigo. Lakini plagi ngumu kufikika mara nyingi ni zile za kudumu hadi kilomita 100,000 hivi. Mwenye gari wa kwanza aweza kuliuza kabla ya zamu hiyo kufika. Zamu hutuangukia sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika.

Hatari kubwa ni kuahirisha. Dereva husema, “Bado linakwenda.” Katika injini nyingi za dizeli za Hiace za zamani, mkanda wa taimingi ukikatika, pistoni hugonga valvu. Hapo samaki wataharibika njiani, na chama kitanunua injini.

Kwa hiyo nashauri hivi:

Kwanza, kamati isipitishe ununuzi kabla fundi hajaeleza plagi, stata, mkanda na pampu ya maji viko wapi, na ujira wa kuvifikia ni kiasi gani.

Pili, ujira huo uingizwe katika makisio ya mwaka, usingoje gari lisimame.

Tatu, kazi zinazokaa pamoja zifanywe pamoja. Pampu ya maji inayozungushwa na mkanda wa taimingi ibadilishwe siku ya mkanda. Ujira utalipwa mara moja.

Nne, Katibu aandike kilomita katika daftari la gari kila matengenezo yafanyikapo.

Ndugu zangu, bei ya gari haiishi siku ya kulinunua. Mwanachama aliyetoa hisa yake ana haki ya kuijua bei yote kabla mkono haujanyooshwa kupiga kura.